Mwenye Busara na Mbu wa Nyika: Hekima ya Biblia Juu ya Kuitambua Hatari na Kuiepuka



Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi njema kuwakumbuka waliotangulia kwa yale waliyoyajenga. Huhesabiwa makanisa na mitaa, shule na zahanati, kwaya na vikundi, wabatizwa na waliopata kipaimara. Lakini wapo wengine katika waliotangulia ambao kazi yao haihesabiki, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kuzuia jambo baya lisitokee. Mtoto ambaye hakuugua hana kisa cha kusimulia. Nyumba ambayo haikuingiwa na msiba haiandikwi katika kitabu cha mazishi. Hivyo hekima ya kuiona hatari mapema na kuiepuka husahauliwa upesi, na kila kizazi hulazimika kujifunza upya, mara nyingi kwa gharama ya maisha ya watu. Kwa ajili ya hekima hiyo yameandikwa maneno haya, ili miaka mia moja ijayo isianze kwa kusahau.

NENO LA MSINGI

Kitabu cha Mithali, katika sura ya 22 mstari wa 3, kinawaonyesha watu wa namna mbili walio katika njia moja. Mmoja ana busara: anayaona mabaya yangali mbali, naye anajitenga na kujisitiri. Wengine hawana akili ya kupambanua: wanazidi kusonga mbele na mwisho wao ni kuumia. Mwenye kuyakusanya maneno hayo aliyaona kuwa mazito, kwa maana yamerudiwa karibu vile vile katika sura ya 27 mstari wa 12.

Mambo matatu yanastahili kuangaliwa hapo. Kwanza, njia ni ile ile na hatari ni ile ile. Mwenye busara hakupewa njia isiyo na mabaya. Alipewa macho, naye akayatumia.

Pili, neno la Kiebrania linalotafsiriwa mjinga katika mstari huo linahusiana na kitenzi chenye maana ya kuwa wazi. Mjinga wa Mithali si lazima awe mtu asiyesoma. Ni mtu aliye kama nyumba isiyo na mlango: kila linalokuja huingia, liwe neno la kweli au uvumi, liwe rafiki au mwizi.

Tatu, katika lugha ya asili mwenye busara ametajwa kwa umoja, bali wajinga wametajwa kwa wingi. Anayeona ni mmoja, wanaopita na kuumia ni wengi. Tofauti hiyo ndogo ya sarufi ni swali kubwa kwa Kanisa. Yule mmoja aliyeona na kujisitiri, aliwaambia nini wale wengi waliokuwa wakipita mbele yake? Mithali haijibu. Jibu limo katika kitabu kingine cha Biblia, nalo litafika mahali pake.

Ipo pia hofu ambayo Mithali haiisifu. Katika sura hiyo hiyo ya 22, mstari wa 13, yumo mvivu asiyetaka kutoka nyumbani kwa kudai kwamba nje kuna simba. Huyo naye anasema habari za hatari, lakini hatari yake ameitunga ili asiende shambani. Kwa hiyo busara haipimwi kwa wingi wa woga. Mwenye busara huogopa kinachopasa kuogopwa, na huendelea na kazi yake penye salama.

KUJISITIRI HAKUPINGANI NA IMANI

Mara kwa mara husikika katika Kanisa sauti inayosema kwamba mwamini wa kweli hajilindi, kwa kuwa Mungu humlinda. Sauti hiyo huvutia, maana hufanana na imani. Lakini Injili ya Mathayo, sura ya 4, inaonyesha sauti hiyo ilivyotumika siku moja. Mjaribu alimpandisha Bwana Yesu juu ya mnara wa hekalu, akamtaka ajitupe chini, na hoja yake akaitoa katika Zaburi ya 91, zaburi ya ulinzi wa Mungu inayotaja hata tauni itembeayo gizani. Zaburi ni ya kweli. Matumizi yake yalikuwa ya uongo. Bwana alikataa, akalitaja agizo la Torati kwamba Mungu hajaribiwi. Hivyo mtu anayeiacha kinga iliyo mkononi mwake, kisha akadai ulinzi wa mbinguni, anasimama pale pale juu ya mnara, na anapaswa kumtambua anayemnong'oneza.

Maandiko yamejaa watu wa imani waliojisitiri. Yusufu alipoonywa katika ndoto juu ya Herode, aliondoka usiku ule ule pamoja na Mtoto na mama yake, wakaenda Misri (Mathayo 2). Hakungoja asubuhi ili aonekane shujaa. Nehemia, adui walipokusudia kuuvamia Yerusalemu, aliwaongoza watu kufanya mambo mawili kwa pamoja: wakamwomba Mungu, na wakaweka walinzi mchana na usiku (Nehemia 4:9). Sala haikuwaondoa walinzi, na walinzi hawakuiondoa sala.

Torati nayo ina sheria moja fupi ambayo wengi huipita bila kusimama. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza kila ajengaye nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, maana dari za Waisraeli zilikuwa bapa na watu walikaa juu. Asipoweka, na mtu akaanguka, damu ya mtu huyo itakuwa juu ya nyumba yake. Sheria haisemi lolote kuhusu kama mwenye nyumba alitaka mtu aanguke. Inamwuliza kama aliona kwamba mtu angeweza kuanguka. Kuona hatari na kunyamaza kumehesabiwa hapo kuwa dhambi dhidi ya jirani.

Martin Luther mwenyewe alipaswa kulijibu swali hili. Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, na Mtawala wa Saksonia akamtaka Luther aondoke. Luther alibaki, pamoja na mchungaji Johannes Bugenhagen, akawahudumia wagonjwa. Mwaka huo huo alimjibu Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Jibu lake lilikuwa na pande mbili. Mtu ambaye wengine hawamtegemei katika saa ile anaweza kuondoka bila dhambi, kwa kuwa Mungu ameweka ndani ya mwanadamu hamu ya kuutunza uhai. Lakini mchungaji, kiongozi wa mji, mzazi, na jirani wa mgonjwa asiye na mtu mwingine, hao wasiondoke. Kisha Luther aliwakemea pia wale waliojidai ujasiri kwa kukataa dawa na kutoepuka mahali penye ugonjwa. Aliwahesabu kuwa wanamjaribu Mungu, na akaonya kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuwa sababu ya kifo cha jirani yake. Mkristo wa Kilutheri anayejikinga kwa hiyo anatembea katika njia ambayo Kanisa lake limeifahamu kwa karibu miaka mia tano.

WAZEE WA USAMBARA NA MBU

Hekima hii haikuja Usambara kwa meli. Kabla Wajerumani Ernst Johanssen na Paul Wohlrab wa misioni ya Bethel hawajafika Mlalo mwaka 1891, wenyeji wa milima hii walikuwa wameigawa dunia yao katika sehemu mbili. Juu palikuwa Shambaai, nchi ya baridi, mvua na migomba. Chini ilikuwa nyika, nchi ya joto, ya wanyama na ya homa. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa kilichotoka mwaka 1974, ameeleza jinsi vijiji vingi vilivyowekwa karibu na ukingo wa mlima. Kutoka hapo mtu aliweza kushuka kulima mazao ya nyika na kurudi kulala juu. Mwaka ambao mazao ya juu yaliharibika, ya chini yaliweza kuokoa, na mwaka mwingine ikawa kinyume chake. Walioko Bungu, wanaolitazama bonde la Luengera na njia za kushukia Korogwe, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Wazee wale walijua pia jambo ambalo mabingwa wa Ulaya walikuwa wangali wakilitafuta. Neno malaria lenyewe linatokana na Kiitaliano na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa kwa karne nyingi Wazungu waliamini kwamba homa hutoka katika mvuke wa mabwawa. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliviona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa, lakini haikujulikana vinaingiaje mwilini. Mwezi Agosti 1897 Ronald Ross, daktari wa Kiingereza aliyekuwa India, aliviona vimelea ndani ya tumbo la mbu. Katika muda huo huo daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, naye alifika Usambara. Katika taarifa yake ya mwaka 1898 aliandika kwamba watu wa milimani, mahali pasipokuwa na malaria, waliugua homa waliposhuka nyika. Ugonjwa huo waliuita mbu, na walipoulizwa sababu, walieleza kwamba huko chini kuna wadudu wenye jina hilo hilo wanaowauma na kuwatia ugonjwa.

Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, Laveran mwaka 1907. Wazee wa Usambara hawakupata tuzo, na majina yao hayakuandikwa. Hawakuwa na hadubini. Walikuwa na macho, kumbukumbu na desturi ya kuambiana. Waliona kwamba aliyelala chini aliugua na aliyelala juu hakuugua, wakatafuta kilichoko chini kisichoko juu, wakampata mbu, wakampa ugonjwa jina lake ili mtoto asisahau. Kisha wakajisitiri kwa njia waliyokuwa nayo, yaani kupanda mlima kabla ya usiku. Mithali 22:3 ilitimizwa katika vijiji hivi kabla haijasomwa ndani yake.

Sayansi ya baadaye imeeleza kwa nini mlima ulikuwa ngome. Kimelea cha malaria kinachoua zaidi katika nchi hizi kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mbu. Penye nyuzi joto 25 hukomaa kwa muda wa siku 12 hivi. Penye nyuzi 20 huhitaji takriban siku 28, na mbu wachache sana huishi siku nyingi hivyo. Joto likishuka hadi karibu nyuzi 16, kimelea hakikomai kabisa. Baridi ya Usambara, ambayo wengine huilalamikia asubuhi wanapokwenda ibada ya kwanza, imekuwa mlinzi asiyelala.

HATARI INAPOHAMA

Lakini busara ya jana haitoshi kwa hatari ya leo, kama hatari yenyewe imehama. Hapa ndipo mtu mwenye urithi mwema anapoweza kuwa mjinga wa Mithali bila kujua. Anasema, baba zetu hawakuugua homa mlimani, hivyo mlimani hakuna homa. Anasonga mbele, naye anaumia.

Njia zimebadilika. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea katika nchi ya chini. Watu wa milimani walishuka kufanya kazi, wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa na serikali ya kikoloni na kodi zake. Hawakuweza tena kurudi juu kila jioni. Si haki kuwaita watu hao wajinga waliosonga mbele wakaumia, walisukumwa. Hata leo yuko kijana anayelala kibandani nyikani akilinda mahindi, na mama anayefika mnadani jana yake ili awahi asubuhi. Kanisa linalohubiri kuepuka hatari lazima liwaangalie kwanza wale ambao umaskini umewanyima nafasi ya kuepuka.

Mlima nao umebadilika. Msitu unapofyekwa bondeni, maji yaliyokuwa kivulini hupata jua, na mbu hupata mahali pa kuzalia. Magari hupanda na kushuka kila siku, na damu yenye vimelea husafiri ndani ya abiria asiyejua. Watafiti waliofuatilia vijiji vya Wilaya ya Korogwe walikuta kwamba mwaka 2003, katika vijiji vya bondeni, takriban watu 78 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria, na katika vijiji vya mlimani walikuwa takriban 25. Hesabu ya mlimani ni ndogo ikilinganishwa na ya bondeni, lakini ni robo ya waliopimwa, katika nchi ambayo Koch aliambiwa haina ugonjwa huo.

Tena mlimani ugonjwa una ukali wake. Mtu wa bondeni aliyeumwa na mbu tangu utoto hujijengea kinga kiasi fulani, kama amejaliwa kuupita utoto huo. Mtu wa mlimani hana kinga hiyo. Homa ikimpata humwangusha akiwa mtoto na humwangusha akiwa mtu mzima, na mama mjamzito huwa katika hatari kubwa zaidi.

Hata dawa zimebadilika. Klorokwini, iliyokuwa katika kila nyumba, ilishindwa na vimelea vilivyoizoea, na mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza. Iliyofuata nayo haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto ya ALu. Anayemeza vidonge viwili na kuviweka vingine kwa ajili ya homa ijayo anavifundisha vimelea kuishinda na dawa hii pia.

Yako pia ya kumshukuru Mungu. Hati punguzo za vyandarua kwa mama wajawazito zilianza mwaka 2004. Katika vijiji vile vile vya Korogwe, ilipofika mwaka 2008, waliokutwa na vimelea bondeni walikuwa wamepungua hadi takriban 13 kati ya 100, na mlimani hadi 3. Kati ya mwaka 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyojaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000. Chanjo hiyo haizuii kila homa, lakini hupunguza wagonjwa, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumiwe kwa watoto wa Afrika. Wazee wa Usambara walimwonyesha mgeni mbu kabla ya mwaka 1900. Wajukuu na vitukuu wa wilaya hii hii walinyosha mikono yao ichomwe sindano ili watoto wa mbali wapate kinga. Huo ni urithi wa kujivunia katika Bwana.

ALIYEONA NA APIGE BARAGUMU

Sasa lile swali lililoachwa njiani linadai jibu lake. Mwenye busara mmoja ameona na kujisitiri. Je, wale wengi? Nabii Ezekieli, sura ya 33, anajibu kwa mfano wa mlinzi wa mji. Mlinzi akiuona upanga unakuja na kupiga baragumu, asiyesikia atachukua lawama yake mwenyewe. Lakini mlinzi akiona na kunyamaza, na mtu akapotea, damu ya huyo aliyepotea itatakwa mkononi mwa mlinzi. Hekima ya Mithali huanza na macho. Ezekieli anaipeleka mpaka kinywani. Aliyejificha peke yake amefanya nusu ya kazi.

Liko jambo moja ambalo baragumu lake halina budi kupigwa kwa sauti kubwa katika nchi za Korogwe na Handeni, nalo ni degedege. Mtoto aliyeshikwa na homa kali hugeuza macho, hukakamaa na kutikisika. Kwa miaka mingi familia nyingi ziliambiwa kwamba huyo amepatwa na jini au ndege wa usiku, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Basi alipelekwa kwa mganga kwanza, na alipofika hospitali saa zilikuwa zimekwisha. Wazazi wale walimpenda mtoto wao. Waliiona hatari na wakakimbia, lakini walikuwa wamepewa jina lisilo lake, na jina hilo likawaelekeza njia isiyo yake. Kumbe wazee wa kale waliouita ugonjwa mbu walikuwa karibu zaidi na kweli. Degedege katika homa ni dalili kwamba malaria inaweza kuwa imefika penye ubongo. Ni mlio wa mwisho wa kengele. Mtoto huyo anahitaji kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama mvua inanyesha. Mama anayeogopa sindano anahitaji mwenzake wa kumshika mkono na kufuatana naye njiani. Kumcheka hakumsaidii mtoto.

Wenye kuweza kupiga baragumu hilo wamo tayari katika Usharika. Mwinjilisti wa mtaa huingia katika nyumba ambazo mganga mkuu wa wilaya hataziona kamwe. Umoja wa Wanawake hujua nani ni mjamzito kabla zahanati haijajua. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anaweza kuwafundisha watoto kwamba sala ya jioni na kushusha chandarua ni matendo mawili ya shukrani, kama walinzi na sala za Nehemia. Wazee wa Usharika wanaopanga mkesha, au wanaokaa na wafiwa usiku kucha, wanaweza kukumbuka kwamba mbu wa malaria huuma usiku, na kwamba watoto waliolazwa mkekani nje wanastahili chandarua. Na kwa yule anayelinda shamba nyikani, zawadi ya chandarua kutoka kwa mtaa wake ni ukuta wa dari ule ulioagizwa katika Torati.

Baragumu hilo lisipigwe kwa ubishi wala kwa kutishana. Mvivu wa Mithali naye alipiga kelele ya simba, na wanaotangaza hatari kila siku bila ukweli huwafanya watu wasisikie siku ya kweli. Mlinzi mwema hutaja kile alichokiona na mahali kilipo, na humwambia msikilizaji afanye nini. Baada ya hapo humwombea.

HITIMISHO

Kitabu cha Mithali, sura ya 30 mstari wa 26, kinawataja wibari kati ya viumbe vidogo vyenye akili nyingi. Hawana nguvu, lakini hufanya makao yao miambani. Wenyeji wa milima hii wanajua maana ya makao ya juu, na wanajua kwamba mwamba ni neema, haukutengenezwa na anayejificha ndani yake. Mkristo anayejisitiri hajisifu kwa werevu wake. Anakiri kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba uhai si mali yake ya kuchezea. Amekabidhiwa, na atauliziwa.

Yapo mabaya ambayo macho hayatayaona mapema, na yapo ambayo yataonekana wala hayataepukika. Luther aliyehubiri kujikinga alimzika binti yake Elisabeth mwaka 1528, mtoto aliyezaliwa Wittenberg Desemba 1527, katika siku za tauni. Hakuacha kuomba wala hakuacha kuwahimiza watu wajikinge. Mungu hakuahidi kwamba mwenye busara hataonja kifo. Aliahidi kuwa pamoja naye, katika kujisitiri kwake na katika kuumia kwake. Bwana yule yule aliyekimbizwa Misri akiwa mtoto, saa yake ilipofika alikwenda Yerusalemu kwa hiari, akijua yanayomngoja, kwa ajili ya wokovu wa wengi. Aliiepuka hatari isiyo na kazi ndani yake, akaikabili ile iliyokuwa na kazi ya Baba. Kuzitofautisha hizo mbili ndiko kilele cha busara, na hakupatikani pasipo Roho wa Mungu.

Miaka mia moja ya Usharika imekwisha kuandikwa. Inayofuata itaandikwa na watoto ambao usiku huu wamelala katika nyumba za Bungu. Jua linapotua nyuma ya milima na giza kuanza kupanda kutoka bondeni, kila mzazi, kila jirani na kila mzee wa Kanisa na ajiulize maswali mawili: ni hatari gani aliyoiona leo, na ni nani ambaye bado hajamwambia?

Mungu aubariki Usharika wa Bungu, awalinde wazee wake na watoto wake, na aipe Dayosisi yote macho ya kuona, miguu ya kukimbilia salama, na kinywa cha kuwaita wengine. Amina.